Mpelelezi anapompenda mtoa habari wake

Swali: Ninaandika tamthilia ya uhalifu ya sehemu 6, kila moja dakika 50. Mpelelezi wa kike anachunguza genge la utakatishaji fedha, anampenda mhasibu wa genge hilo, ambaye pia ni mwanamke na ndiye anayempa habari kwa siri. Watu watatu wameisoma skripti na wote wamesema jambo moja: maonyesho ya mapenzi yakiondolewa, kesi inaendelea kama kawaida. Mtayarishaji anataka majambazi wapate picha za wawili hao wawatishe nazo, na mwishoni mmoja afe. Nirekebishe wapi?

Jibu:

Waliokusomea wamekuambia kweli, lakini usikimbilie kuongeza busu. Dawa iko kwenye jalada la kesi. Mapenzi ya wahusika wako yana joto na yana maneno mazuri, ila hayana tarehe, na kesi ya jinai husimama au huanguka kwa tarehe.

Fikiria sehemu ya 6. Mpelelezi yuko kizimbani kama shahidi, wakili wa utetezi amefika kwenye maswali ya dodoso, anauliza: "Uhusiano wenu ulianza lini?" Kama jibu lolote atakalotoa linaiacha kesi palepale, mapenzi yako ni pambo. Kama jibu linaweza kumtoa mkuu wa genge akiwa huru, mapenzi yameshakuwa nguzo ya nyumba, na hakuna msomaji atakayekuambia yanaweza kuondolewa.

Kisheria linaweza kabisa. Nchini Marekani, tangu uamuzi wa Brady v. Maryland wa 1963, upande wa mashtaka unawajibika kuukabidhi upande wa utetezi taarifa zinazoweza kumsaidia mshtakiwa. Uamuzi wa Giglio wa 1972 ukalitanua jukumu hilo hadi kwenye mambo yanayogusa uaminifu wa shahidi. England na Wales wana sheria yao ya mwaka 1996 inayodai jambo la namna hiyo. Mpelelezi anayelala na mtoa habari wake ni taarifa ya aina hiyo hasa. Kosa la waandishi wengi ni kudhani hakimu atatupilia mbali kesi nzima papo hapo. Kwa kawaida mambo huenda polepole zaidi, na kwa tamthilia polepole ndiyo tamu: wakili anachora mstari kwenye ile tarehe, kisha anaiomba mahakama isiamini kitu kilichopatikana baada yake. Kilichokuja kabla bado kina nguvu.

Basi kabla hujagusa ukurasa wowote, chukua karatasi uorodheshe kila kipande cha ushahidi kilichomo kwenye sehemu zote 6: orodha za simu, taarifa za benki, maelezo ya mashahidi, picha, bunduki. Andika siku kila kimoja kilipopatikana na kimepitia mkono wa nani. Halafu uchomeke usiku wa kwanza wa wapenzi ndani ya orodha hiyo, uusogeze mbele na nyuma mpaka kipande kimoja kizito, chenye uwezo wa kumfunga mkuu wa genge peke yake, kiangukie siku moja baada yake. Kwa hadithi yako ningechagua daftari la pili la hesabu, lile ambalo mhasibu huliandika kwa mkono. Usiku wa kwanza, tarehe 14. Daftari, tarehe 15. Wakisema 14, wakili atadai daftari limetungwa na wapenzi wawili mezani kwao. Wakisema 20, daftari linapona na mtu anayestahili jela anakwenda jela, kwa kiapo cha uongo. Wanaojua ukweli duniani ni wawili tu.

Angalia siku hiyo moja inavyoyatia sumu mapenzi yenyewe. Mpelelezi atajiuliza: amenipa daftari kwa kuwa ananipenda, au alinipenda ili nimpokee na daftari lake lenye kurasa alizozichagua mwenyewe? Mhasibu naye: alikuja kwangu usiku ule, au alikuja kwa daftari? Hakuna anayeweza kulijibu swali la mwenzake kwa maneno. Kuanzia hapo kila wanachofanyiana wanakipima kwa swali hilo, na wewe hulazimiki tena kubuni ugomvi wa kuwatenganisha.

Sasa utaratibu wa kazi, maana hapa skripti yako imelegea. Umemwacha mpelelezi akutane na mhasibu peke yake, popote, saa yoyote, kana kwamba ni jambo la kawaida. Katika vikosi vingi mtoa habari hupewa namba au jina la bandia, kila mkutano huandikwa, mara nyingi huenda maafisa wawili, na yuko mkubwa anayesimamia bila kukutana na mtoa habari uso kwa uso. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2000 inataka afisa mmoja amshughulikie mtoa habari siku hadi siku, mwingine asimamie jinsi anavyotumiwa, na kumbukumbu zitunzwe. Kwa hiyo ili wawili hawa wabaki peke yao chumbani, kuna kanuni fulani lazima ivunjwe, na kanuni hiyo ipe sura ya mtu: afisa wa pili ambaye alipaswa kuwepo. Mwanzoni afisa huyo anachelewa tu. Safari inayofuata mpelelezi anamwambia asijisumbue. Mara ya tatu anamsainia.

Tumia fomu ya mkutano kama chombo cha kusimulia. Ina visanduku sita: tarehe, saa, mahali, waliokuwepo, kilichosemwa, kilicholipwa. Tuonyeshe ikijazwa mara tatu katika sehemu za 1 hadi 3, nusu ukurasa kila mara. Ya kwanza imejaa vizuri, mwandiko umenyooka. Ya pili kisanduku cha mahali kiko wazi. Ya tatu kila kitu kimejazwa na hakuna hata kisanduku kimoja cha kweli. Mtazamaji ataufuata uhusiano mzima kwenye karatasi hiyo, na mwaka mmoja baadaye mahakamani karatasi ileile itasomwa kwa sauti na mtu asiyewapenda.

Kuna jambo ambalo naomba usilipite kwa sababu tu wahusika wote ni wanawake. Anayemsimamia mtoa habari ana uwezo wa kumpeleka jela. Tarehe 20 Novemba 2015 kikosi cha polisi cha Metropolitan cha London kiliomba radhi hadharani kwa wanawake saba walioingizwa kwenye uhusiano wa muda mrefu na maafisa waliojificha chini ya majina ya uongo. Mambo yako si hayo hasa, kwa kuwa mhasibu anajua anayempenda ni polisi, lakini mizani bado imelalia upande mmoja. Kuna namna mbili za kulishughulikia, na ningetumia zote. Kwanza, mhasibu apate makubaliano yake ya kutoshtakiwa, kwa maandishi na kwa saini ya mwendesha mashtaka, kabla ya tarehe 14, na yeye ndiye aanze. Pili, aulize waziwazi, wakiwa na furaha, si katikati ya ugomvi: "Nikikuacha leo, kesho nitaitwa nani kwenye jalada lako?" Mpelelezi asiwe na jibu zuri. Usimwandikie jibu zuri.

Tuje kwenye siri, kwa sababu humo ndimo tamthilia nyingi za mapenzi ya jinsia moja zinapopotoka bila mwandishi kukusudia. Hadithi yako ina siri mbili. Moja ni kwamba wanawake hawa wanapendana. Nyingine ni kwamba mpelelezi amevunja kanuni na huenda mhasibu anaficha jambo kuhusu genge. Katika skripti yako zimefungwa kwenye furushi moja: zinafichwa kwa pamoja, zinanong'onwa kwa muziki uleule, zinafichuka siku moja. Matokeo yake mtazamaji anaona mapenzi ya wanawake wawili na uhalifu kama kitu kimoja chenye sura mbili. Najua hukutaka hivyo. Zifungue. Chora jedwali: wahusika wote upande mmoja, sehemu 6 upande mwingine, na kila kisanduku kiwe na alama mbili, moja kwa kila siri, anajua au hajui. Ukikuta kila mhusika anajua zote mbili au hajui hata moja, kazi bado. Unataka mama mzazi anayejua mapenzi na hajui kesi. Unataka bosi anayejua tangu zamani kwamba mpelelezi anapenda wanawake, halimsumbui hata kidogo, na siku anapogundua ni mwanamke yupi ndipo anapobadilika rangi. Bosi huyo mmoja tu anaifanya kazi ya kurasa kumi za maelezo.

Na mtazamaji awe amejua mapema. Umeweka busu la kwanza kama mshtuko wa dakika ya mwisho ya sehemu ya 1. Liondoe hapo. Ndani ya kurasa 10 za mwanzo tujue kwa jambo dogo tu kwamba mpelelezi anapenda wanawake: aliyeachana naye anakuja kuchukua kabati lake la vitabu, wanabishana nani alilinunua, basi. Akibaki kitendawili mpaka mwisho wa sehemu, utakuwa umemweka kwenye orodha ya washukiwa kwa kosa la kupenda.

Kwa kuwa unaandika kwa Kiswahili, una zana ambayo wanaoandika kwa Kiingereza hawana, na sioni ukiitumia. Viambishi vyetu havitaji jinsia. Mpelelezi anaweza kusema kazini "mwenzangu anarudi kesho," akaulizwa "anafanya kazi gani?", akajibu "mhasibu," na kila neno likawa kweli tupu. Mwandishi wa Kiingereza angehangaika kukwepa viwakilishi, na mtazamaji angemsikia akihangaika. Wako hahangaiki. Anasema ukweli mtupu mbele ya kikosi kizima, wao wanasikia mwanaume, sisi tunasikia jina la mtoa habari. Acha iende hivyo kwa sehemu mbili au tatu. Kisha mtu mmoja, kwa upendo kabisa, amuulize, "Huyo mumeo utatuletea lini?" Hapo ndipo mara ya kwanza anatakiwa kuchagua kati ya kusahihisha na kunyamaza. Tahadhari mbili. Pitia majibizano yote ufute "dada", "bi" na kila neno la namna hiyo linaloitoa siri kwa bahati mbaya. Na andika maelekezo kwa atakayetafsiri manukuu ya chini ya skrini, kwa sababu Kiingereza kitamlazimisha achague jinsia, na asipoonywa ataimaliza hadithi yako kwa neno moja ndani ya sehemu ya 2.

Nikuonyeshe onyesho moja kwa karibu, lile la jikoni katika sehemu ya 2. Ni asubuhi. Simu ya mhasibu imelazwa mezani, inatetemeka, namba haina jina, inaishia 417. Mhasibu anaikata, anaigeuza kifudifudi. Katika skripti yako mpelelezi anauliza "nani huyo?", anajibiwa "hakuna mtu", na wanagombana kurasa 2. Futa kurasa hizo. Mpelelezi asiulize chochote. Aendelee kumenya yai lake, polepole kuliko mwanzo, ganda likitoka vipande vidogovidogo. Tunamwona anavyodhani: kuna mwanamke mwingine.

Saa mbili baadaye yuko ofisini na orodha ya simu za muuaji wa genge, mtu ambaye mhasibu, katika maelezo yake yaliyosainiwa, alisema hajawahi kuzungumza naye. Kalamu inashuka mstari kwa mstari. Inafika kwenye 417. Waandishi wengi hapa huandika "anashtuka". Wewe andika: anashusha pumzi. Kwa sekunde 2 amefarijika. Si mwanamke mwingine, ni muuaji tu. Kisha ndipo anapotambua amefarijika kwa nini, na damu inamshuka. Mwenzake wa meza ya pili anauliza, "Umepata kitu?"

Kimya cha sekunde 4.

"Bado."

Neno hilo ndilo usaliti wa kwanza katika hadithi yako nzima. Halikatai, halikubali, linaahirisha tu, na mtu anayeahirisha bado anajiona mwaminifu kwa pande zote. Onyesho la jikoni na la ofisini kwa pamoja lisizidi ukurasa mmoja na robo. Ukurasa mmoja wa skripti hukadiriwa dakika moja ya skrini, kwa hiyo una kurasa 50 hivi kwa kila sehemu. Mapenzi ambayo hayagusi kesi usiyape zaidi ya kurasa 3 kati ya hizo. Yanayogusa kesi, yape yanachohitaji. Kipimo changu kwa kila onyesho la wawili hao ni kuuliza: baada ya hapa, kuna nini kipya kwenye jalada, au kuna nini kimetolewa? Na kwa kila onyesho la kesi: mmoja wao amepoteza nini nyumbani?

Uaminifu uliogawanyika wa pande mbili, kazi na mpenzi, unachosha kufikia sehemu ya 3, kwa sababu mhusika anabaki akipiga hatua kulia, kisha kushoto. Ongeza upande wa tatu: watu wake. Jamii ya wapenzi wa jinsia moja ina historia ndefu ya kuwaogopa polisi, na haikujiogopesha yenyewe. Vurugu za Stonewall mjini New York, usiku wa kuamkia tarehe 28 Juni 1969, zilianza kwa polisi kuvamia baa. Kwa marafiki wa mhasibu, mpelelezi ni mtu wa upande ule uliokuja na tochi. Mpe shahidi mmoja mwenye umri mkubwa, aliyemwona muuaji akishuka kwenye gari usiku wa mauaji. Akitoa ushahidi, itabidi aseme alikuwa wapi saa ile na alikuwa na nani, na mkewe na wanawe watasikia. Anamwamini mpelelezi kwa sababu moja tu: anamjua ni mwenzake. Mpelelezi akiitumia imani hiyo kumpeleka mahakamani, amewauza watu wake. Asipoitumia, kilichobaki mkononi ni daftari la tarehe 15. Sasa mhusika wako amefungiwa pande zote tatu, na shahidi huyu mzee, atakayekuwa na kurasa 4 tu, ndiye anayemsukuma kwenye uongo wa kizimbani. Ningemwandika yeye kwanza kabla ya kurudi kwa wapenzi.

Picha za vitisho. Mwambie mtayarishaji kwamba kumtishia mtu kwa siri ya mapenzi kunafanya kazi pale tu ambapo kuna mwenye rungu la kuadhibu. Uingereza ilikuwa nalo: kifungu cha sheria cha 1885 dhidi ya mapenzi baina ya wanaume kiliwanufaisha sana watoza pesa kwa vitisho, na England na Wales zilianza kulilegeza katazo hilo mwaka 1967 tu, tena kwa wanaume wa miaka 21 na zaidi, faraghani. Marekani nayo, kwa amri ya rais ya Aprili 1953, iliwafukuza watumishi wa serikali kwa hoja kwamba wangeweza kutishwa, wakati serikali yenyewe ndiyo iliyoifanya siri hiyo kuwa ya kutisha. Hujasema hadithi yako iko nchi gani na mwaka gani. Amua leo, kisha andika gharama halisi ya kufichuka mahali hapo: kazi, nyumba, haki ya kulea mtoto, kifungo. Gharama isiyotajwa haiogopeshi mtu.

Kisha fanya jaribio hili. Katika nakala ya pembeni, mgeuze mhasibu awe mwanamume. Soma onyesho la vitisho tena. Kama tishio limebaki na nguvu ileile, basi lilikuwa tishio la kikazi: polisi amelala na mtoa habari wake, na hilo linamfukuzisha kazi hata angekuwa na nani. Kama limeyeyuka, lilikuwa tishio la kijamii. Katika nakala niliyosoma, jambazi anatishia la kijamii ilhali bosi, kwa jedwali letu, halimsumbui. Tishio linakufa mikononi mwake. Mpe jambazi akili: aitupe picha ya busu, abaki na picha ya fomu ya tatu, ile iliyojazwa uongo. Hiyo ndiyo inayoua. Na kama hadithi iko mahali ambapo mapenzi haya yenyewe ni kosa la jinai, una kitu kizito zaidi: kutaja tarehe kizimbani ni kukiri kosa la pili. Shahidi anaweza kuomba asijibu swali litakalomtia hatiani, na kwa kuomba hivyo atakuwa ameshajibu.

Kuhusu kuua mmoja wao, mtayarishaji anaomba kitu chenye historia mbaya, na inafaa aijue. Kanuni za maadili za filamu za Hollywood, zilizosimamiwa kwa nguvu kuanzia 1934 na kuachwa 1968, zilikataza kuonyesha mapenzi ya jinsia moja. Yaliyoonyeshwa kwa mafumbo yakazoea kuishia kwa adhabu au kaburi. Kanuni ziliondoka, mazoea yakabaki. Tarehe 3 Machi 2016, katika tamthilia ya Marekani ya The 100, Lexa, mhusika anayependa wanawake, aliuawa kwa risasi isiyomlenga yeye, muda mfupi tu baada ya kulala na mpenzi wake. Hasira ya watazamaji ilikuwa kubwa kiasi kwamba mtunzi mkuu aliomba radhi kwa maandishi. Mwaka 2022 tamthilia ya Killing Eve ikaishia kwa muuaji wa kike, Villanelle, kupigwa risasi saa chache baada ya yeye na mpenzi wake Eve kuwa pamoja hatimaye, na malalamiko yakawa yaleyale. Watazamaji hawalalamiki kwamba watu hufa katika hadithi za uhalifu. Wanalalamika kuona furaha ikifuatwa na risasi kana kwamba ni bili.

Lakini sitakuambia kifo ni marufuku. Katika The Wire, tamthilia ya polisi na magenge ya dawa za kulevya, kijana Brandon anateswa na kuuawa msimu wa kwanza, na msimu wa pili mpenzi wake Omar anapanda kizimbani kutoa ushahidi dhidi ya mmoja wa waliohusika, kwa mauaji mengine, huku tamthilia ikituachia shaka kama Omar aliyaona mauaji hayo kweli. Hayo ndiyo mapenzi yanayoingia kwenye jalada. Ukitaka kuua, kifo kitokane na uamuzi wa anayekufa, kisifuate kitanda, kisiwe kwa ajili ya kumfundisha mwenzake jambo, na wawepo wapenzi wengine wa jinsia moja ndani ya hadithi wanaobaki hai. Kwako, hata hivyo, kifo kinaharibu mali. Mhasibu akifa, wanaojua tarehe anabaki mmoja, na swali la kizimbani linapoa.

Ulinzi wa mashahidi unakupa mwisho mkali kuliko kaburi. Marekani ina mpango huo tangu sheria ya 1970: shahidi anahamishwa, anapewa jina jipya, na familia yake ya karibu inaweza kwenda naye. Nani ni familia? Wawili wasio na cheti cha ndoa hawana karatasi ya kuonyesha. Ili mpelelezi ahesabiwe, inabidi athibitishe uhusiano, na kuthibitisha uhusiano ni kutaja tarehe. Unaona inavyorudi palepale.

Maonyesho ya faraghani, kwa ufupi: usiandike "wanafanya mapenzi" ukaacha. Andika nani anaanza, mwili unaonekana mpaka wapi, wanazungumza au la, na nani anaamka kwanza. Mwaka 2018 HBO ilitangaza kwamba maonyesho yote ya namna hiyo yatakuwa na mratibu maalumu wa faragha, na kazi hiyo imeenea. Mratibu hupanga miendo pamoja na waigizaji kabla ya siku ya kurekodi, na skripti isiyosema kitu humwachia kila mtu akisie. Usiku wa tarehe 14, kitu cha lazima kuonekana ni saa ya ukutani au skrini ya simu. Tunahitaji kuikumbuka.

Sehemu ya 6 sasa. Usianze onyesho la kizimbani kwa kiapo, tumekiona mara nyingi. Anza wakili akiwa tayari ameshika fomu ya tatu. Avisome visanduku vyote sita, kimoja baada ya kingine, kwa sauti ya kawaida. Mhasibu awe ukumbini, safu ya nyuma, na kamera isimwonyeshe hata mara moja mpaka swali liulizwe. Mpelelezi hajaambiana naye watakachosema. Hilo ulithibitishe katika sehemu ya 5, kwa kumfanya mhasibu akatae kupokea simu yake. Swali linakuja. Sekunde 4 za kimya, zilezile za ofisini, na mwenzake wa meza ya pili ameketi upande wa mashtaka, anazitambua. Kisha mpelelezi ataje siku, mwezi na mwaka, bila neno jingine. Ni maneno ya mapenzi pekee anayoyasema hadharani katika tamthilia nzima, na karani anayaandika.